Mzee Mwenye Chupa ya Ugoro

Jumatatu, 6 Aprili
Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa jengo letu la wachoraji. Maonyesho ya majira haya: rangi za mafuta, sura na maumbo ya watu tu. Nafasi iliyobaki ukutani ni moja. Nina miaka sabini na moja na kamati imenikataa mara tisa. Safari hii ukuta ni wangu. Nitachora mfugaji mzee ndani ya deel yake ya buluu, joho letu linalofungwa ubavu wa kulia, akimnyooshea mtazamaji chupa ya ugoro kama wafugaji wanavyosalimiana. Nani hapa Ulaanbaatar atakataa kusalimiwa?

Jumanne, 7 Aprili
Nimemwendea Jigmed, mlinzi wa jengo, ambaye nusu ya jiji imeshamchora. Kanijibu kwamba wiki nzima ameshikwa na Tsolmonzaya. Huyo nilimfundisha mimi. Sasa anachora watu wasio na nyuso na magazeti yanamwita jasiri. Uso ni kazi ngumu, kwa hiyo kuuacha ni ujasiri. Nimeelewa. Nilimnong'oneza Jigmed kwamba binti huyo anamchora mgongo tu. Akasema ndiyo maana amekubali: anapata usingizi.

Jumatano, 8 Aprili
Dawa imepatikana. Nitajichora mwenyewe. Nimeng'oa mlango wa kabati la nguo, ule wenye kioo kirefu, nikaubeba hadi chumba changu cha kazi. Mke wangu, Dulmaa, aliuliza nguo zitakingwaje na vumbi hili la Aprili. Nikamweleza kwa upole namna mkono ulionyooshwa unavyovuta bega, na bega linavyovuta mfupa wa mtulinga. Kabla sijafika kwenye mbavu alikuwa anakoroma.

Alhamisi, 9 Aprili
Kazi inakwenda. Nanyoosha chupa kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyelelewa. Natazama kioo. Naweka chupa, nashika brashi, nasahau, nanyoosha tena. Kanuni niliyofundisha miaka thelathini na minane ni moja: chora unachokiona, si unachokijua.

Tsolmonzaya amegonga. "Mwalimu, nichungulie kidogo tu?" Nikamjibu kuna harufu kali ya rangi. Akacheka, akasema basi chumbani kwake rangi hunukia manukato. Nimefunika picha kwa blanketi. Nawajua wezi wa mawazo.

Jumamosi, 11 Aprili
Kamati imepita. Mwenyekiti ni Mzee Choijilsuren, aliyekulia kwenye mifugo. Alipofika kwenye picha yangu akatabasamu na mkono wake ukanyooka wenyewe kupokea chupa. Nikajua nimeshinda. Ghafla akaurudisha kama aliyegusa jiko.

"Luvsandagva, huyu mzee wako ananipa ugoro kwa kushoto. Nimemkosea nini?"

Akasogea karibu. "Na vifungo vya deel vimehamia upande huu lini? Hata mlevi havai hivi."

Jigmed alicheka mpaka akaketi chini. Tsolmonzaya hakucheka, jambo lililoniuma zaidi. Alisema taratibu, "Mwalimu, ni kile kioo. Ungenionyesha juzi, ningekwambia."

Nafasi amepewa yeye. Mgongo wa mlinzi anayesinzia umeonekana una huzuni ya taifa zima.

Jumapili, 12 Aprili
Mimi ni mtu wa ushahidi. Nimebeba kioo na picha hadi nyumbani, nimevaa deel, nimesimama mbele ya kioo na picha iko kando yangu. Vinafanana hadi kifungo cha mwisho. Kwa hiyo picha haina kosa lolote. Dulmaa, akipanga nguo zake zilizojaa vumbi, alisema kioo hugeuza, baba, kila anayesuka nywele anajua. Nikamweleza, kwa subira, kwamba kioo kingekuwa kinageuza, ningejiona kichwa chini miguu juu. Akaendelea kukung'uta vumbi.

Jumatatu, 13 Aprili
Maonyesho ya kiangazi yametangazwa. Nitachora mtu akipanda farasi. Hapo hakuna wa kunibishia: farasi hupandiwa upande wake wa kushoto, na mguu unaotangulia ni wa kushoto. Nimeweka kiti kiwe farasi. Nimeinua mguu wa kushoto mbele ya kioo, nimeutazama kwa makini, nimeuchora vilevile ninavyouona. Wala simwonyeshi mtu mpaka picha ikauke.