Viatu vya Kumshinda Daktari

Jumatatu, 3 Juni
Leo yoga. Mimi, kinyozi mstaafu niliyenyoa vichwa vya mji mzima, nimelazwa chali kwenye mkeka na kuambiwa nipumue! Kwani miaka yote hii nilikuwa nafanya nini? Yote ni kazi ya binti yangu. Anasema mkono kutetemeka anauvumilia, ugonjwa huu wa Parkinson ndivyo ulivyo, ila miguu inayoganda mlangoni si ya mtu anayeishi peke yake. Ijumaa daktari atanipima mwendo. Nikishindwa, nahamia kwake, chumba kimoja na mashine ya kufulia. Mkwe wangu ameshapima pa kuweka kitanda. Ameshapima!

Hila yangu: kuonekana mwenye bidii bila kufanya kitu. Zoezi la mwisho la kutulia, nikalala usingizi kabisa. Mwalimu akawaambia wenzangu wanitazame nilivyotulia. Ndipo nikakoroma.

Jumanne, 4 Juni
Darasani yupo mwalimu mkuu mstaafu, mgonjwa kama mimi. Namwita Mlingoti. Kidevu kinamcheza, lakini akigusa kiti kwa kidole tu anasimama mguu mmoja kama kapandwa pale. Sifa zote zake. Nikamnong'oneza mwalimu kwamba anaegemea ukuta. Mwalimu akamsogeza katikati ya chumba. Akasimama vilevile! Kisha nikaitwa mimi. Nikamwangukia Mlingoti. Akanidaka, tena kwa upole. Sitamsamehe.

Jioni nimefanya mazoezi nyumbani, nimeshika kiti changu cha kunyolea. Si kwa ajili ya afya. Kwa ajili ya Mlingoti.

Jumatano, 5 Juni
Nimeganda mlangoni mwa choo. Kichwa kinasema twende, miguu inasema tangulia. Jasho likanitoka. Nikakiona kile chumba cha binti yangu, nikaogopa kweli. Sitaki kuzeeka nikisikiliza suruali za mkwe wangu zikizunguka. Mwishowe nikafuata maneno ya mwalimu: usivutane na miguu, vuta pumzi, egemea upande mmoja, nyanyua goti la pili kama unavuka ndoo. Nikavuka. Bahati tu.

Dawa halisi nimeipata mchana. Fundi viatu amenipigilia vipande vya chuma kwenye visigino. Kila hatua, ko! Kwa kelele hiyo mguu gani utathubutu kulala? Jirani wa chini amepanda kuniuliza kama nimeanza kufuga farasi.

Alhamisi, 6 Juni
Yoga tena. Nimezuiwa kupanda mkekani na viatu. Wivu! Hata hivyo tumeshindana na Mlingoti kusimama mguu mmoja, nikashinda. Alipiga chafya, lakini ushindi ni ushindi.

Ijumaa, 7 Juni
Daktari ameniambia nivue viatu. Nivue! Nikajiona nimekwisha. Binti yangu amekaa pembeni, kaukumbatia mkoba wake. Nikainuka kitini, nikatembea, nikageuka, nikafika mlangoni. Miguu ikaganda. Binti akafumba macho. Nikavuta pumzi, nikaegemea, nikanyanyua goti. Nikapita.

Daktari akasema, "Mzee, endelea kuishi kwako. Ila hiyo yoga usiiache."

Binti yangu amelia kwenye korido, kanishika mkono ule unaotetemeka. Kumbe naye usingizi ulikuwa hauji. Mimi nimesingizia vumbi. Roho yangu sasa kwatu.

Jumamosi, 8 Juni
Nimelala fofofo, nimeamkia kwangu. Kuta zangu, birika langu, kimya changu! Nimetafakari yaliyotokea. Ni viatu. Kwa siku mbili tu vimeitia miguu adabu, hata vikivuliwa inaviogopa. Yoga imedandia sifa. Wahenga walisema usitukane mamba kabla hujavuka mto. Mimi nimeshavuka.

Daktari ataniona tena baada ya miezi mitatu. Nitarudi darasani ile wiki ya mwisho.

Mlingoti naye anapimwa wiki ijayo, wanawe wanataka kumhamisha. Masikini, tegemeo lake ni yoga peke yake. Jumatatu namtorosha darasani, nampeleka kwa fundi viatu.