Kwaya ya Bluu Mbugani Ruma

Watu wangu, leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya kwaya nzima, mbele ya askari wa mbuga, na mbele ya twiga watatu. Na mpaka sasa, nikiwa nimerudi nyumbani Kosele, bado siamini yaliyotokea.

Ngojeni niwaeleze. Mimi ndiye mwalimu wa kwaya ya akina mama kanisani kwetu. Leo tulikuwa tunarekodi video yetu ya kwanza. Kwaya zingine hurekodi kando ya mto, zingine mbele ya maua ya hoteli. Mimi nikasema hapana, sisi tutaenda mbuga ya Ruma, tuimbe huku twiga wakipita nyuma yetu. (Wazo langu. Wenzangu wamenikumbusha hilo siku nzima.)

Sare pia nilichagua mimi. Gauni la bluu iliyokolea, kola nyeusi, mshipi mweusi. Min Apiyo, yaani Mama Apiyo, anayeongoza sauti ya pili, alitaka rangi ya maziwa. Yeye amezaliwa Lambwe, karibu kabisa na mbuga. Siku ya kuchagua kitambaa alisimama akaanza, "Mwalimu, huko tunakoenda, bluu si..."

Nikamkatiza. Nikasema bluu ni rangi ya mbinguni. Nani angebishana na mbingu? Akaketi.

Asubuhi tukafika langoni, wanawake kumi na wanane ndani ya basi la shule tuliloazima. Afande mmoja akapanda kutuhesabu. Akasimama mlangoni. Akatuangalia. Akashuka bila kuhesabu. Akarudi na mwenzake, naye akatuangalia.

"Nyote mmevaa hivi?" akauliza.

"Sote!" nikajibu kwa fahari.

"Na hamna nguo nyingine?"

"Afande, hii ni sare."

Wakaangaliana. "Haya," mwenzake akasema. "Fungeni madirisha."

Nikashangaa. Jua lote lile, tufunge madirisha? Nikadhani anaogopa simba. (Baadaye nikaambiwa huko hakuna simba.) Yule wa kwanza akabaki nasi atuongoze, safari ikaanza.

Baada ya kilomita chache nikasikia joto, nikafungua dirisha langu kidogo tu. Nzi mmoja akaingia. Akawapita wote, akatua shingoni mwangu. Uwi! Kama sindano ya kliniki! Nikampiga, akaruka, akarudi na wenzake. Basi zima likaanza kujichapa. Nikageuka nikaona Min Apiyo amejifunika leso ya rangi ya maziwa kutoka kichwani hadi miguuni, macho tu yanaonekana. Nikashangaa tena. Kwani anasikia baridi?

"Hawa ni nzi gani?" nikauliza.

"Maugo," akajibu kwa upole ndani ya leso. "Mbung'o."

Nikadhani ni kundi linapita tu.

Tukafika mahali ambapo wageni wanaruhusiwa kushuka. Twiga walikuwepo, watatu, wazuri ajabu. Nikapanga kwaya haraka. Mpiga video wetu, bwana mmoja mwenye ndevu kutoka Homa Bay, alikuwa amevaa kaki, na hakuna nzi aliyemgusa.

"Wewe unajipaka dawa gani?" nikamuuliza.

"Mimi? Sabuni tu."

Sikuelewa kabisa. Tukaanza kuimba. Wimbo wenyewe ni wa taratibu, unahusu amani. Lakini ubeti wa kwanza tu, sauti ya kwanza wakaanza kupiga makofi. Kumbe wanachapana mgongoni! Mmoja akaruka. Mwingine akazunguka. Mpiga video akainua kidole gumba: "Hiyo staili iko sawa, endeleeni!"

Ndipo nikawaona.

Ng'ambo, kwenye nyasi ndefu, mtu amesimama wima. Bluu na nyeusi. Mbele kidogo, mwingine. Halafu mwingine. Rangi yetu kabisa! Damu ikanichemka. Kuna kwaya moja ya Ndhiwa ambayo nimekuwa nikiishuku siku nyingi kwamba inatuiga. (Ushahidi sina. Nilikuwa nautafuta.)

"Ndhiwa!" nikapiga kelele. "Wametufuata mpaka huku!"

Nikatoka mbio.

"Madam! Rudi! Huko kuna nyati!" Afande akanifuata na bunduki yake. Mpiga video naye akatufuata, kamera inaendelea.

Sikusikia la mtu. "Ninyi!" nikasema. "Nani amewaonyesha kitambaa chetu?"

Hakuna aliyegeuka.

"Naongea na wewe! Unanipa mgongo?"

Nikafika, nikamshika bega. Hakukuwa na bega. Hakukuwa na mtu. Kilikuwa kitambaa cha bluu kilichoshonewa cheusi, kimetundikwa kwenye vyuma, na chini yake mbung'o wamelala chali.

Afande akafika akihema. "Madam, huo ni mtego. Mbung'o wanapenda bluu na nyeusi. Wakiona hivyo wanadhani ni mnyama."

Nikaangalia mtego. Nikaangalia gauni langu. Kola. Mshipi.

"Kwa hivyo sisi..."

"Ndiyo. Leo tumeongeza mitego kumi na minane. Tena yetu huwa haina damu."

Nyuma yangu nikasikia kicheko kimoja, halafu kwaya yote. Wengine walikaa chini kabisa. Mimi nilitamani huyo nyati atokee, anichukue tu.

Aliyekuja ni Min Apiyo. Hakucheka. Alivua leso yake akanifunika mabegani. "Bi, nyaminwa," akasema. Njoo, dada yangu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza, machozi karibu.

"Nilianza. Ukaingia mbinguni."

Nikamwomba msamaha hapo hapo, mbele ya mtego. Akanishika mkono tukarudi.

Tulirekodia ndani ya basi, madirisha yamefungwa, twiga wakionekana kupitia kioo. Tuliimba vizuri, sitasema uongo. Nikamwomba mpiga video afute kile kipande cha mimi kugombeza kitambaa. Akasema aulize kwaya kwanza. Kwaya ikapiga kura kwa kuinua mikono. Wote kumi na saba walitaka kibaki, na kiwe mwanzo wa video.

Sasa shavu la kushoto limevimba mpaka jicho limejificha. Nawasihi msicheke. Mkicheka nami nitacheka, na kucheka kunauma.