Malalamiko juu ya Pompe Namba Saba, Isiyotii Telefone

Kolwezi, mwezi wa pili, mvua ikiwa nyingi

Tata Directeur mheshimiwa,

Ninakusalimu kwa heshima yote, mimi Polycarpe Kalumba, shefu wa ekipe B kwenye jumba la asidi, pamoja na watu wangu wote, wenye miguu miwili mizima na yule mwenye mmoja. Naandika kwa Kiswahili cha kanisani, kile tulichofundishwa na masista, kwa sababu jambo lenyewe ni zito na sipendi mtu aseme Kalumba anaandika kama watu wanavyoongea sokoni. Nikiteleza hapa na pale unisamehe, ni hasira.

Shitaka langu ni juu ya pompe namba saba. Unaijua, ni ile inayosukuma asidi kutoka tangi la chini kwenda kule inakotoa shaba ndani ya mchanga. Ekipe yangu inaiita Mama Mukwe, kwa sababu hakuna mwanaume anayethubutu kukutana nayo uso kwa uso. Wote wanainamisha kichwa na kupinda njia. Shida ni kwamba njia yenyewe ni moja tu, kile kidaraja cha chuma kinachopita chini yake.

Unakumbuka pia siku uliyotuletea Usine Mukononi, yaani kiwanda mkononi, ile programu ya kwenye telefone. Ulisema tumeagana na makaratasi. Dimitri wa biro, yaani wa ofisini kwako, alitueleza kwamba aliitengeneza mwenyewe bila kusomea mambo ya kompyuta: unashika kisanduku kwa kidole, unakikokota, unakiweka unapotaka, imekwisha. Kila shefu anabonyeza hali ya mashine zake, na kwenye ukuta wa biro yako kuko televisheni kubwa inayoonyesha kiwanda kizima kwa rangi. Tulipiga makofi kweli kweli. Mi nilipiga mpaka mikono ikaniuma.

Tangu siku ile telefone imetii, Dimitri ametii, nami nimetii. Pompe peke yake ndiyo iliyokataa. Haya ndiyo makosa yake.

1. Inavuja bila ruhusa. Juma la kwanza nilibonyeza "Mbaya", kwa ujinga wangu, kwa sababu asidi ilikuwa inadondoka juu ya kidaraja. Kwako ukutani kukawa nyekundu. Sijawahi kuona msaada unaokuja mbio namna ile. Mi nilitazamia fundi na mpira mpya wa kuziba. Aliyekuja ni Dimitri na kompyuta yake. Alikaa juu ya ndoo, akaniuliza ni neno gani linalonisumbua, na kabla chai yake haijapoa "Mbaya" ilikuwa imeshageuka "Ya kufuatilia", rangi ya manjano. Aliniambia kwa upole kwamba huo ndio uzuri wa programu za namna hii, mtu anazirekebisha palepale. Akaenda zake. Pompe, kwa ukaidi, iliendelea kuvuja kana kwamba hakuna mtu aliyekuja kuitazama.

2. Haina haya. Inasemekana manjano nayo iliwatisha wageni wako wanaokuja kutazama ule ukuta, basi "Ya kufuatilia" ikawa "Nzuri kwa kiasi", kijani cha majani machanga. Nikaanza kutuma picha. Programu ilizikataa moja baada ya nyingine, eti zina mvuke na hazionekani vizuri. Dimitri akanirahisishia tena: sasa picha ya pompe inajiweka yenyewe, ile ya siku ilipotoka kwenye kasha, bluu yake inang'aa, na wewe Tata umesimama pembeni umeiwekea mkono begani. Ni picha nzuri sana. Hata mi ningefurahi kama daktari angenipima kwa kutazama picha ya siku ya ndoa yangu. Lakini mashine iliyosifiwa hivyo mbele ya wakubwa ilipaswa kuona aibu kidogo na kujirekebisha. Hata kidogo, Tata, haikuona.

3. Inanuka. Kisanduku cha harufu hakipo, kwa hiyo sina la kuongeza.

4. Imemuunguza Mechack. Huyu ni mtu wa mtaa wa Musumba, baba wa watoto, kazi yake ni kufungua na kufunga vana, yale makoki ya mabomba. Alipita kwenye kidaraja kwa sababu kazi ilimpitisha pale, na asidi ikamwingia ndani ya buti la kushoto, lililokuwa limepasuka. Programu inasema buti zake ni mpya, maana kisanduku cha buti kinakuja kimeshabonyezwa ili kidole cha shefu kisichoke. Tukambeba mpaka dispensari. Mama Fidélie, muuguzi wetu, akaomba namba ya ajali. Ili upate namba ni lazima uchague mashine iliyoumiza, na programu inakuonyesha mashine nyekundu tu. Nyekundu haikuwepo hata moja, kiwanda kizima kilikuwa na afya. Mechack alikuwa analia pale kwenye benchi, nami nakokota visanduku, nakokota tu, jasho linanitoka. Mwishowe mlango uliofunguka ulikuwa mmoja, "Maumivu ya kichwa". Mama Fidélie alimwosha na kumfunga kwa huruma yake mwenyewe, lakini dawa zilizotoka ni za kichwa. Hospitali kubwa ilimrudisha, kwa sababu barua yetu ilisema kichwa na wao waliona mguu.

Sasa vidole vyake vya mguu vinageuka vyeusi. Hapo nilikasirika, siwezi kukuficha. Niliukasirikia ule mguu, uliothubutu kuungua mahali ambapo programu haikuupangia.

5. Inawaharibu wenzake. Nimewaeleza ekipe yangu, kwenye mazungumzo yetu ya usalama ya kila asubuhi, kwamba mfanyakazi wa kisasa anatazama telefone, hatazami anapokanyaga. Hawataki kusikia. Mbuyi, mama mwenye ulimi kuliko wote kwenye lile jumba, alinijibu mbele ya watu: "Shefu, tuma telefone ipite ya kwanza. Ikivuka muzima, siye tutaifuata." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilitaka kumpa adhabu, lakini kisanduku cha adhabu kinaomba jina la shahidi ambaye hakucheka.

Kutokana na hayo yote, Tata Directeur, naomba pompe namba saba iitwe mbele ya baraza la nidhamu. Ipewe kwanza barua ya onyo, kisha, kama ikirudia, ikae nyumbani siku kadhaa bila posho, kama tunavyofanyiwa siye. Asidi nayo ikumbushwe kwa maandishi kwamba inaruhusiwa kudondoka penye rangi nyekundu tu. Na mguu wa Mechack uandike maelezo yake, useme ulikuwa unafanya nini mle ndani ya buti jipya.

Tena, dawa hii isiishie kwetu. Kama kugeuza neno kunaponya pompe, ni roho mbaya kumfungia Dimitri ndani ya kiwanda. Apelekwe kwenye barabara ya Musumba, ile inayomeza malori, ageuze "Haipitiki" kuwa "Ya kupita polepole". Apelekwe sokoni, "Njaa" iitwe "Tumbo jepesi", na mama zetu waache kulalamikia bei ya unga. Apelekwe dispensari, avipake kijani vile vidole vyeusi kabla havijakatwa. Na kwa kuwa Mama Mukwe siku moja atamdondokea mtu usoni, naomba kisanduku cha "Marehemu" kianze mapema kuitwa "Mapumziko marefu", ili mjane asije akasumbua walinzi getini na televisheni yako isichafuke.

Nafunga hapa kwa unyenyekevu, nikitumaini barua hii itakukuta una afya njema na rangi nzuri. Umsalimie madame wako nyumbani, Mama Myriam wa sekretarieti, dereva wako, na wageni wote waliokuja kutazama ukuta. Umsalimie Dimitri kwa namna ya pekee, kidole chake kiendelee kuwa na nguvu. Naomie, mke wa Mechack, anakusalimu pia; aliniomba niongeze maneno mengine machache, lakini Kiswahili cha kanisani hakina maneno yale.

Ni mimi, mtumishi wako mtiifu,

Polycarpe Kalumba
Shefu wa ekipe B, jumba la asidi

N.B. Nimeisoma tena barua hii na naona nimeionea pompe. Nafuta shitaka lote. Pompe namba saba imesimama tangu Jumapili. Mi mwenyewe niliifunga, tukaifungua vipande vipande, na sasa iko juu ya meza ya mafundi, mpira wake wa kuziba umelika kabisa. Sikubonyeza kitu chochote, nilinyamaza tu. Kumbe Dimitri amepanga kwamba shefu akinyamaza, mashine yake ni kijani, na kijani ikiwepo, tani za shaba zinajihesabu zenyewe. Ndiyo maana jana ulituandikia pongezi, ekipe B ya kwanza kwenye kiwanda kizima. Tunashukuru sana. Hakuna aliyevuka kile kidaraja juma hili, na hakuna atakayevuka mpaka mpira mpya ufike na Mechack apelekwe hospitali kubwa kwa gari lako, na barua inayosema mguu. Ukiona tunachelewa, tutairudisha pompe mahali pake hata kesho, pamoja na mpira wake wa zamani. Vana ya kuiwasha iko mwisho wa kidaraja. Uje uifungue mwenyewe, na viatu vyako.