Nilivyofagia Mashine ya Ukoo

Jumatatu, 3 Machi
Mashine imejaa. Asilimia tisini na nane. Nimeiunda mwenyewe, diski za mtumba, feni ya kuungaunga, inakaa kabatini chini ya mashuka. Ukoo mzima unahifadhi picha na mafaili humo kupitia simu zao, bure, na hakuna anayeuliza umeme unatoka wapi. Leo mpiga picha za harusi amekubali kuhamishia picha zake kwangu. Mteja wa kwanza wa kulipa! Anataka nafasi Ijumaa. Nimemwambia ipo tele. Haipo.

Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa mitandao ambaye vyeti vyake vimejaa ukutani hadi rangi haionekani, anashauri ninunue diski nyingine. Mwenye mshahara hakosi ushauri.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Faili ambalo halijafunguliwa mwaka mzima halina mwenyewe. Sikuuliza mtu. Ukiwauliza watu wa ukoo, hata msumari uliopinda wataulilia. Nimefuta picha za binamu (gari aliloliuza zamani, pande zote nne), za shangazi, na folda moja ya mke wangu isiyo na jina, tarehe tu. Nikatazama nafasi. Tisini na nane. Nikafuta zaidi. Tisini na nane. Mashine niliyoizaa inanidharau.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe kilichofutwa hakiondoki. Kinaenda kwenye kapu la taka na kukaa humo mwezi mzima, eti mwenyewe asije akajuta. Nani alitunga ujinga huu? Nimemwaga makapu ya watu wote. Asilimia thelathini na moja! Nikampigia shemeji kumwarifu kwamba nafasi nimeipata bila kununua kitu. Akauliza kama nina nakala pembeni. Nikamwambia wivu hauna tiba.

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi analalamika picha zimetoweka simuni mwake. Binamu naye. Nimewaambia simu zao mbovu. Ukweli ni kwamba simu na mashine huigana: ukifuta huku, kule nako kunafutika. Nilikuwa nalijua hilo. Nilisahau tu, na kusahau si kutojua.

Jioni mke wangu akaniomba nimfungulie ile folda ya tarehe. Leo mama yake ametimiza miaka miwili kaburini. Ndani yake mlikuwa na sauti ambazo mama alimtumia akiwa amelazwa hospitali. Hakuwahi kuzisikiliza tena tangu mazishi. Nikamweleza kanuni yangu, kwa upole.

Hakulia. Alisema, "Nilikuwa nazitunza, nisizimalize."

Amelala chumba cha watoto. Chakula changu nilikikuta mezani, kimefunikwa vizuri. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Tumaini! Mke wangu amekumbuka simu yake ya zamani, kioo kimepasuka, imezimwa na kutupwa droo ya jikoni baada ya msiba. Sauti zimo bado. Haijawashwa, kwa hiyo haijapata habari. Shemeji ameagiza isiguswe mpaka aje kesho na vifaa vyake, maana ikinusa tu mtandao wa nyumba itaiga mashine na kufuta. Alimwagiza dada yake, si mimi. Mimi mwenye mashine!

Mpiga picha anamimina harusi zake tangu asubuhi. Angalau kuna mtu anacheka.

Jumamosi, 8 Machi
Nilitaka kumwahi shemeji. Niwashe simu, nizirushe sauti mashineni chapuchapu, mke wangu azipate kabla kaka yake hajavua viatu. Kilichohitajika ni kasi tu.

Simu ikawaka. Zilikuwepo zote, zimejipanga. Nikagusa ya juu kuhakikisha. Kikohozi, kisha, "Mwanangu, umekula?"

Halafu zikaanza kupukutika, moja baada ya nyingine. Nikakimbilia kabatini nikang'oa waya wa umeme, mashuka yakaniangukia. Niliporudi orodha ilikuwa tupu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameisikia ile moja.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amemchukua dada yake na watoto. Hakunitukana. Alinipa mkono, kama mtu anayempa pole mfiwa. Angenitukana ningekuwa na la kumjibu.

Nyumba imepoa. Mashine nimeirudishia umeme; feni tu inavuma kabatini. Nimekaa nikachambua kosa liko wapi, maana mimi si mtu wa kukwepa ukweli. Harusi zimeshaijaza mashine hadi asilimia tisini na moja, lazima kufagia tena. Kosa lilikuwa kufuta kwa mkono. Mkono una mwenyewe, na mwenyewe hulaumiwa. Nimeiagiza mashine iwe inajifagia yenyewe kila wiki, makapu na vyote vilivyomo. Mke wangu akirudi, hatakuta wa kumlaumu.