Nani Aliiua Skelby Town

Jumatatu, 5 Machi 2018

Upuuzi mtupu! Gazeti la mji limetangaza kwamba Jumatano ya wiki ijayo, saa nane mchana, Geoffrey Pickles atasoma maktabani historia ya klabu ya soka ya Skelby Town. Pickles! Kipa aliyefungwa saba na Ossby kwenye theluji, halafu akalaumu rangi ya mpira. Mimi nilikuwa katibu wa klabu miaka kumi na tisa, mpaka ilipokufa mwaka 1994. Hakuna aliyeniuliza. Uwanja wetu sasa ni supamaketi. Palipokuwa na goli la kaskazini wanauza chakula cha paka. Na nani aliiua klabu? Pickles, alipokuwa mwenyekiti. Nimelisema hilo miaka ishirini na minne, katika kila baa inayoniruhusu kuingia.

Nimeamua. Nitaandika historia yangu, ya kweli. Mke wangu Mavis ameuliza kama nimekosa kazi. Nikamjibu kwamba ukweli hauna likizo. Akasema basi ukweli ukatoe taka.

Jumanne, 6 Machi

Ushahidi ndio kila kitu. Daftari la vikao liko kwa Enid Sowerby, aliyeendesha kibanda cha chai uwanjani miaka arobaini. Sasa ana themanini na tisa, na chai yake bado ina rangi ya maji yaliyofuliwa soksi. Nimempelekea keki. Ya dukani, ila nimeikwaruza juu kwa uma ionekane ya nyumbani. Akala vipande vitatu, kisha akaniambia daftari ameshamwahidi Pickles. Nikamwambia Pickles hata kusoma hajui. Akasema ajabu, maana kila Ijumaa Pickles huja kumsomea yeye Enid barua, kwa kuwa macho ya kizee yamemchoka. Mjipendekezaji yule!

Lakini nimeliona. Kabati la jikoni, rafu ya chini, jalada jekundu. Nimejitolea kusafisha mifereji ya paa Alhamisi. Amefurahi mno. Hakuna kazi nyepesi kama kumdanganya mtu mwema.

Alhamisi, 8 Machi

Mifereji ina majani ya tangu enzi za vita. Ngazi imeteleza. Nimeangukia mawaridi. Jirani akachungulia ukutani na, badala ya kunisaidia, akauliza kama nafanya na nyumba nyingine. Enid akaniingiza jikoni anichomoe miiba. Alipokwenda kutafuta kibanio, nikalitia daftari ndani ya koti. Ushindi!

Baadaye, nyumbani. Si daftari la vikao. Ni la kibanda cha chai! Kila Jumamosi tangu 1978, nani alikunywa nini. "Pickles, chai, kijiko kimoja. Ameosha vikombe." "Norris Tattersall, chai, vijiko vinne. Hakusema asante." Huyo ndimi. Miaka kumi na sita ya "hakusema asante". Mwanamke yule ni jasusi.

Kisha ukurasa wa mwisho. "30 Aprili 1994. Norris ameacha bahasha ya usajili wa ligi hapa kibandani. Nimemkumbusha." Chini yake: "7 Mei. Bahasha bado ipo. Nimemkumbusha tena. Amesema ataituma Jumatatu."

Nimekaa kitandani na koti langu mwilini. Fomu ile haikufika kwa wakati. Ligi ikatutoa. Bila ligi mashabiki wakayeyuka, uwanja ukauzwa. Nilikuwa na hakika niliituma. Hata sasa nauona mkono wangu ukitumbukiza bahasha kwenye sanduku la posta. Ila nikiutazama vizuri mkono ule, umeshika barua za msiba wa mama.

Ijumaa, 9 Machi

Nimeung'oa ukurasa. Mavis akaingia ghafla. Nikautia mdomoni. Akauliza natafuna nini. Nikasema tiba ya tumbo. Akasimama pale pale, mikono kiunoni, mpaka nikameza. Wino wa mwaka 1994 ni mchungu sana.

Jumamosi, 10 Machi

Mpango ulikuwa rahisi. Enid anachemsha maji, mimi narudisha daftari rafuni. Nikabisha hodi. Aliyefungua ni Pickles, na aproni kifuani!

"Karibu, Bwana Katibu," akasema. "Tulikuwa tunakungoja. Daftari umelileta?"

Nikauliza daftari gani. Likanidondoka kotini.

Enid akalifungua mwisho, akapapasa kwa kidole. "Ameung'oa, Geoffrey."

"Si nilikwambia ataung'oa?"

Nikafoka kwamba hii ni njama. Kama walijua, mbona walinyamaza miaka yote?

"Tuseme nini, mwanangu?" Enid akasema. "Ulikuwa umetoka kumzika mama yako. Ulikuja uwanjani na soksi za rangi mbili, unasalimia milango."

"Bahasha niliipeleka mwenyewe ile Jumanne, Jumatatu yako ilipopita na Enid akaniita," akasema Pickles. "Nikakuta muda wa usajili umepita. Mwenyekiti nilikuwa mimi, lawama nikazibeba mimi. Wewe ungeziweza, Norris? Ungevunjika kama kijiti."

"Nawe ukazunguka baa zote kumtukana," Enid akasema. "Haya, kunywa chai yako."

Nikanywa. Kulikuwa na neno nililotaka kusema, lilikuwa limefika kabisa mdomoni. Nikasema chai ina maji mengi.

Jumatano, 14 Machi

Maktabani watu sitini na mbwa mmoja. Pickles anasoma vibaya, kama mtu anayesoma karatasi ya dawa. Lakini alipofika kwenye goli la mwaka 1983, Arthur Hebblethwaite kwa kichwa, topeni, dakika ya mwisho, wazee watatu waliruka vitini wakashangilia kana kwamba wavu bado unatikisika. Mmoja wao nilikuwa mimi. Nilikuwa najinyoosha mgongo.

Ikafika 1994. Akasoma: "Fomu ilichelewa. Tulikuwa klabu moja, kwa hiyo tulichelewa sote." Kisha akainua macho, akanitazama. Nikasimama. Mavis akanishika mkono, mara ya kwanza tangu Krismasi. Enid akaitikia kwa kichwa kunipa moyo.

Nikawaambia wote kwamba goli la Hebblethwaite lilikuwa dakika ya themanini na nane, si ya mwisho.

Nikakaa. Mavis akaurudisha mkono wake.

Alhamisi, 15 Machi

Nimelala vizuri, na akili imetulia. Mtu aliyeuficha ukweli miaka ishirini na minne, mwanahistoria gani huyo? Hafai! Nimewaandikia maktaba kuwaonya juu ya Pickles. Ukweli wenyewe sikuutaja, si kazi yangu.

Habari njema. Wazee wa klabu ya mchezo wa kubiringisha matufe kwenye nyasi za bustani ya mji walikuwa wanatafuta katibu. Nimepita bila kupingwa, kwa kuwa nilifika peke yangu. Klabu ina miaka mia moja na kumi, wanachama wana afya na furaha, mwenyekiti ni mama mmoja mchangamfu anayeoka biskuti. Nimeanza kuandika historia yao leo hii. Sura ya mwisho tayari. Inaitwa "Kosa la Mwenyekiti".