Siri ya Mkono wa Koti

Jumatatu, 2 Aprili 1951. Kisarawe.
Mvua tangu alfajiri. Nimeapa: kabla mwezi huu haujaisha, mimi Mbaraka nitajua kukata mkono wa koti. Kanzu nashona. Suruali nashona. Koti? Mkono mmoja unatazama Pugu, wa pili Maneromango! Karani wa boma alilivaa langu mara moja, akalirudisha bila neno. Sasa anashonewa na Ratilali, Mhindi aliyekuja wakati wa vuli kushika duka la ami yake. Mikono ya makoti yake imetulia begani kama imeota hapo. Ipo siri. Na Wahindi hawatoi siri zao. Nitaichukua kwa akili.

Jumatano, 4 Aprili.
Mpango umeanza vizuri. Kiswahili cha Ratilali ni cha dukani tu: chukua, ngoja, kesho. Nimemwambia nitamfundisha lugha, naye aniache nikae mezani pake nitazame. Amekubali upesi mno! Akatoa chaki, akachora, akaeleza kwa vidole. Hakuficha kitu. Mtu asiyeficha kitu ndiye anayeficha zaidi. Sikumwamini, kwa hiyo sikutazama vizuri.

Kumbe Mama na yeye wamejuana siku nyingi. Ratilali hali nyama wala samaki, basi Mama humpelekea kisamvu cha nazi kila Ijumaa. Naye amemwonyesha Mama kukaanga bizari nzima kwanza, ndipo aunge choroko. Hawana lugha, lakini wanacheka jikoni kama mtu na mwanawe. Nikamuuliza Mama kama amesikia lolote juu ya makoti. Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Mwanangu, ukimuuliza mtu, atakwambia." Mama hajui biashara.

Jumamosi, 7 Aprili.
Usaliti! Nimemkuta Salehe, mshoni mwenzangu wa sokoni, mezani kwa Ratilali, anaonyeshwa mkono uleule. Bure! Hajafundisha hata neno moja! Nikachemka.

Salehe alipoondoka, Ratilali akaniuliza mfiwa huambiwaje. Kwao kuna maneno yake, na huku hataki kukosea. Nikamwambia ainamishe kichwa na kusema, "Mola akuzidishie." Akarudia mara kumi. Akayaandika kwa herufi zake zenye mikia. Nilicheka njia nzima. Wa kwanza kuambiwa ndiye atakayemtia adabu.

Jumanne, 10 Aprili.
Mama ameanguka akiteka maji kisimani asubuhi. Hakuzinduka. Adhuhuri amefariki.
Siwezi kuandika.

Alhamisi, 12 Aprili.
Tulimzika jana. Mvua haikukoma.

Ratilali alifunga duka, akaja kwa miguu, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Makaburini alisimama nyuma ya watu wote. Tuliporudi nyumbani akanijia pale barazani, mbele ya kila mtu. Akanishika mikono yote miwili. Machozi yanamtoka, ya kweli. Akainamisha kichwa.

"Mola akuzidishie."

Watu wakageuka. Kisha mmoja akainuka na bakora. Mjomba Mwinyijuma akamzuia, akamuuliza Ratilali kwa upole ni nani aliyemfundisha maneno yale. Ratilali akaninyooshea kidole. Alidhani ananipa heshima, maskini.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo ulikuwa wangu. Nikasema Mhindi huyu hasikii vizuri, mimi nilimfundisha mengine.

Mjomba akamweleza maana yake, neno kwa neno, na kwa ishara: Mungu akuongezee misiba. Nikauona uso wa Ratilali ukibadilika. Akakaa palepale chini kwenye tope. Akaniuliza jambo moja tu.

"Kwa Mama?"

Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Jumatatu, 16 Aprili.
Tangu mazishi hakuna anayeingia dukani kwa Ratilali. Wanamwita Mhindi aliyetukana maiti. Ami yake anamhamishia Mlandizi. Nimekwenda kumuaga. Au kuuangalia mkasi wake, sijui.

Mizigo ilikwisha fungwa. Akaniita mezani. Akanisimamisha, akaniambia nilegeze mkono, nisimame kama ninavyosimama kila siku. Akanionyesha unavyoning'inia, mbele kidogo. Kumbe ndiyo siri! Mkono wa koti haukatwi kwa kipimo peke yake. Fundi anamtazama mtu kwanza, anaona mkono wake unaelekea wapi. Mimi miaka yote nawashonea watu kama askari wa gwaride!

Nikamuuliza kwa nini ananifundisha baada ya yote yale. Akatafuta maneno.

"Mama yako hakuficha mimi kitu. Mimi naficha wewe vipi?"

Nilitaka kumwambia. Nilitaka kwenda sokoni kuwaambia watu. Lori likapiga honi, akapanda. Nilibaki nimesimama barabarani mpaka mvua ikanilowesha.

Jumapili, 29 Aprili.
Ushindi! Karani amelivaa koti langu. Mikono imetulia! Amezunguka nalo soko zima, watu wanauliza fundi ni nani. Wakiniuliza nilijifunza wapi, nasema ni akili yangu tu. Nilikimbia nyumbani kumwambia Mama, nikakumbuka mlangoni. Nikajaribu kupika kisamvu. Kimeungua.

Jioni Salehe amekuja, kofia mkononi. Ratilali aliondoka kabla hajammalizia lile somo la mkono. Ananiomba mimi, kwa heshima ya msiba wangu, nimwonyeshe.

Nikamkaribisha kiti. Nikafikiri sana. Nikamwambia siri ni maji: kitambaa cha mkono hulowekwa kutwa nzima, kikashonwa kikiwa kibichi.

Amenishukuru mpaka machozi yakamlengalenga. Amesema nimerithi moyo wa Mama.

Nimeitikia.