Saa ya Seva na Supu ya Idrisi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mpango umekamilika. Mashine ya vidole inayoandika nani amewahi hapa kampuni ya maziwa inafuata saa ya seva, ile kompyuta kuu, na seva naitunza mimi. Saa hiyo nimeirudisha nyuma dakika ishirini. Sasa nitakunywa supu kwa Idrisi, Majengo, bila kuungua ulimi, na bado ionekane nimewahi. Meneja Kailemia alisema akiona tena jina langu kati ya wachelewaji, nirudi Embu nikalime. Akili ninayo, tuseme ukweli.

Jumanne, 10 Juni
Supu tamu sana. Kufika kazini, watu wamejaa kwenye korido. Ile huduma ya ulinzi ya mtandaoni, inayohakikisha wewe ni nani kabla ya kukufungulia mfumo, haimwingizi mtu. Hata Kailemia. Madereva hawana oda, maziwa yamelala. Kailemia akanguruma kwamba aliyeharibu ataenda nyumbani. Nami nikanguruma, kumuunga mkono.

Kananu, mwenzangu wa kompyuta, hakunguruma. Aliuliza tu nani amegusa nini. Yule dada ana utulivu wa ajabu. Nikamwambia ni virusi.

Jumatano, 11 Juni
Wenye huduma wameandika: washeni logi za kina, mtu ajaribu kuingia, zimeni, mtutumie faili. Nikajitolea haraka. Logi hizo huandika kila kitu inachofanya seva, na saa yake. Nikaamua kufuta mistari yote yenye saa. Kumbe kila mstari una saa. Nimetuma faili tupu. Wamejibu kwa adabu kwamba hawaoni kitu. Nimesingizia stima.

Alhamisi, 12 Juni
Kananu amekalia kiti changu. Akawasha logi, akamwomba Kailemia aweke nywila mara moja, akazima. Mistari elfu na zaidi, yeye anasoma kama gazeti, huku anakunywa uji. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Kisha akaweka simu yake kando ya skrini. Saa mbili tofauti. Vibali vya kuingia kutoka kwa ile huduma vilikuja na saa ambayo seva haijaifikia, ndiyo maana ikavikataa. Akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Akamwambia Kailemia saa ya seva iliteleza na ameshairekebisha. Hakunitaja. Machozi yalinilenga, kweli.

Tulipobaki wawili akasema seva huvumilia tofauti ya dakika tano tu, si zaidi. Halafu, polepole: "Ndwiga, next time nitasema."

Ijumaa, 13 Juni
Leo nimechelewa kidogo tu, Kailemia akaniona. Amenipa onyo la mwisho. Nimeyatafakari maneno ya Kananu siku nzima. Mtu mwingine angenifokea, yeye akanifundisha. Nimemwomba Idrisi awe ananipoozea supu mapema, na saa ya seva nimeirudisha nyuma dakika nne.